Eliya Alikula kwa Mjane

Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkipika chai ya asubuhi, ninyi mlio safarini kati ya Kitale na Webuye, na ninyi wagonjwa ambao redio hii ndiyo kanisa lenu siku ya leo.

Somo letu latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 17, tangu mstari wa 8 hata wa 16. Wenye Biblia karibu na waifungue. Wasio nayo wasikilize tu, maana habari yenyewe mwaijua tangu shule ya Jumapili. Kulikuwa na ukame. Kijito alichokuwa akinywa nabii Eliya kilikauka, na Mungu akamwambia aondoke aende Sarepta, mji wa Sidoni, kwa kuwa huko amemwagiza mwanamke mjane amlishe.

Sasa hebu tusimame hapo kidogo. Sidoni si nchi ya Israeli. Sidoni ndiko alikotoka Yezebeli, binti wa mfalme, yule yule aliyewatafuta manabii wa Bwana awaue. Basi Mungu anamtuma mtumishi wake ugenini, katika nchi ya watu wanaomchukia, na hampi huko kazi ya kuhubiri. Hampi mkutano wala hampi jengo. Anampeleka akale kwa mjane ambaye ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo, naye anaokota kuni apike mara ya mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Na neno la kwanza Eliya analomwambia mama huyo si mahubiri. Anaomba maji ya kunywa, halafu anaomba mkate.

Nilipokuwa chuo cha theolojia niliandika insha nzima juu ya mlango huu, nikapata alama nzuri. Niliandika juu ya muujiza wa unga. Sikuandika hata mstari mmoja juu ya aibu ya nabii kumwomba chakula maskini. Sikuwa nimeiona bado.

Niliiona mwaka 2009. Nilikuwa shemasi, miaka yangu haijafika thelathini, nimepewa kanisa dogo upande wa Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kuteremka kwenda Bungoma. Tuliletewa kijana kutoka Uingereza, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, akae nasi miaka miwili kama mmisionari. Jina lake nitaliacha, maana yu hai na ni mtu wa haya. Alikuja mwezi wa Januari, jua la Trans Nzoia likiwa kali na vumbi jekundu likiingia hata kwenye chai. Alikuwa na masanduku mawili. Moja lilikuwa la vitabu na nguo. La pili, tulilijua baadaye, lilikuwa la vyakula vya makopo.

Alikaa katika nyumba ya mjane mmoja wa kanisa letu, mama mzee wa Kibukusu aliyehamia Kitale na marehemu mumewe kutoka upande wa Webuye. Watoto wote wa jirani walimwita Kukhu, yaani nyanya, nasi tulimwita hivyo hivyo.

Ndugu msikilizaji, sitaki kukuficha. Miezi ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Kijana alikuwa ameandika ratiba ya mafundisho ya vijana, saa kwa saa, akaibandika mlangoni mwa kanisa. Saa tisa alasiri yeye alikuwa pale na kitabu chake. Vijana walifika saa kumi na nusu baada ya kuchota maji na kufunga ng'ombe. Alidhani wanamdharau. Chakula cha Kukhu alikionja kwa ncha ya kijiko, kisha usiku alifungua kopo chumbani kwake akala peke yake, naye Kukhu alisikia mlio wa kopo kupitia ukutani. Kila njia aliyopita watoto walimfuata wakiimba, "Mzungu! Mzungu!" Kwetu ni mchezo tu. Lakini jaribu wewe kuitwa kwa rangi ya ngozi yako mara mia kwa siku, miezi mitatu, na asiwepo hata mmoja anayekuita kwa jina ulilopewa na mama yako.

Tena akapata malaria. Alipopona, alikuwa amekonda na hakucheka tena. Kukhu aliniambia, "Mchungaji, huyu mtoto analia usiku. Anafunika mdomo kwa mto, lakini mimi ni mama, nasikia."

Na sisi je? Hapa ndipo nataka kuungama mbele yenu. Jumapili ya pili tangu afike, wazee wa kanisa na mimi tulimkalisha, tukampa soda, tukampa karatasi. Ilikuwa orodha ya mahitaji: mabati, simiti, viti, kinanda. Mwandiko ulikuwa wangu, mwandiko safi wa mtu wa chuo. Aliisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Tangu siku ile, kila tulipomtembelea alikuwa akitazama mikono yetu kwanza, kama mtu anayengoja kuona karatasi nyingine. Tulikuwa hatujamuuliza kama mama yake yu hai. Hatukujua alilelewa na nani. Tulikuwa tumepokea mfuko wa fedha, si mtu.

Basi hapo palikuwa na watu wa aina mbili waliokosea kwa pamoja. Yeye alikuja kutoa tu, asipokee kitu. Sisi tulikuwa tayari kupokea tu, tusitoe kitu. Mtu anaweza kudhani kwamba mambo hayo mawili yanapatana vizuri sana. La, hayapatani hata kidogo.

Historia ya kanisa letu la Afrika Mashariki ina habari nyingi za jambo hili, nami napenda hasa habari mbili. Ya kwanza ni ya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosine, alikufa, na mtoto wao mchanga pia, hata hawajapata kuizoea nchi. Twajua kwamba Krapf aliandika kamusi na kutafsiri Maandiko. Lakini wengi hatukumbuki kwamba alipoanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Mwalimu wa Biblia aliketi akafundishwa maneno na kadhi! Nami sidhani kwamba angeweza kuanza kwa njia nyingine.

Habari ya pili ni ya Mwafrika mwenzetu, Apolo Kivebulaya, Mganda. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mmisionari lazima awe mweupe. Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alivuka kutoka Toro, akaenda Mboga, nchi ambayo leo iko Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa kwa njaa, maana mtawala wa huko, Tabaro, aliwanyima chakula. Yasimuliwa kwamba Apolo kabla ya kufika alinunua jembe. Sasa ninyi mnaojua desturi za Buganda ya zamani mtanielewa: kulima ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima hakuonekana na jembe mkononi. Apolo alilishika. Alipigwa, akatiwa kifungoni, lakini alirudi Mboga, na Tabaro mwenyewe baadaye akabatizwa. Apolo alikufa mwaka 1933, na alitaka azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, si upande wa kwao kama ilivyokuwa desturi. Hata kaburi lake lilihamia ugenini.

Turudi Kiminini. Mvua ziliponyesha na mahindi yakafika magotini, Kukhu alimwamsha kijana alfajiri akampa jembe. Hakuniuliza mimi wala hakuuliza wazee. Alimwambia tu, "Twende tupalilie." Kijana alikata mahindi matano kabla hajakata gugu moja. Kukhu alicheka mpaka akakaa chini katika mtaro. Watoto wakaja wakacheka, na jirani wakaja wakacheka. Yeye naye mwisho akacheka, mara ya kwanza tangu malaria. Jioni viganja vyake vilikuwa na malengelenge, naye alikuwa na njaa ya kweli. Alikula ugali na mrenda mpaka sahani ikawa nyeupe. Makopo yaliyobaki aliyatoa mwenyewe chini ya kitanda, nasi tukayala katika chakula cha vijana. Samaki wake wale, kusema kweli, walikuwa wabaya sana.

Lugha nayo ilikuja hivyo hivyo, kwa kuchekwa. Alikuwa amejifunza kitabuni kwamba anayetaja mtu hutia "m" katika kitenzi. Siku moja kulikuwa na wageni wa Umoja wa Akina Mama, na Kukhu alikuwa akipika. Kijana alitaka kusaidia kukata nyanya za mchuzi. Akasimama mbele ya akina mama wote, akatangaza kwa sauti kubwa: "Leo mimi nitamkata nyanya!" Kukhu aliinua mikono juu na kuomba asamehewe. Habari hiyo ilifika sokoni Kitale kabla ya jua kutua, na tangu siku ile watoto wengi waliacha kumwita Mzungu. Walimpa jina tunalompa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

Mwezi wa Agosti ndugu yake Kukhu alikufa huko kwao, kijiji kilicho chini ya kilima cha Chetambe. Tulikwenda mazishini, na kijana alitaka kwenda. Tulipanda matatu, tukapita Kamukuywa, Misikhu, Lugulu. Mimi nilikuwa na hofu. Mnajua Chetambe. Mwaka 1895 babu zetu walijifungia katika ngome ya pale, na jeshi la Waingereza likiongozwa na Hobley likawapiga kwa bunduki zisizolingana na mikuki. Watu wa pale hawajasahau, na hawana sababu ya kusahau. Usiku, tukiwa tumezunguka moto, mzee mmoja alimtazama kijana kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, ili asikose neno, "Kijana, watu wa kwenu walikuja hapa. Walikuja na bunduki."

Watu wote walinyamaza. Mimi nilitafuta neno la kumsaidia, kwa kuwa ndiyo kazi ya wachungaji, kutafuta maneno. Kijana hakungoja neno langu. Alisema, "Ndiyo, mzee. Nimeambiwa. Pole." Basi. Hakueleza kwamba yeye hakuwako, wala hakusema kwamba wamisionari walileta shule. Mzee alikaa kimya tena, kisha akasogea kwenye benchi lake akapiga ubao kwa kiganja, kumwonyesha mahali pa kukaa. Wakakesha bega kwa bega mpaka asubuhi. Sikusikia wakisema jambo lingine.

Na tusidhani kwamba ugeni ni habari ya Wazungu tu. Mwaka 2008 sisi wenyewe tuliwaona majirani wa miaka mingi wakilala katika mahema pale Kitale, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba wao ni wageni. Tuliokuwa tukiimba pamoja Jumapili, Jumatatu tuliulizana kabila. Kijana huyo alipofika, bado tulikuwa na vidonda hivyo. Pengine ndiyo maana tulimtaka awe wa kutupa vitu tu. Kumpokea mtu kikamilifu kulitutisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nichague somo hili. Mwezi wa Oktoba, mahindi yakianza kuvunwa, kijana alipata simu kwamba nyanya yake amekufa Uingereza. Ndiye aliyemlea. Nauli haikuwepo, na mazishi yalikuwa baada ya siku chache. Alimwambia Kukhu peke yake, akamsihi asimwambie mtu, kwa sababu hakutaka kutusumbua wakati wa mavuno. Kukhu aliitikia kwa kichwa. Kufika saa sita mchana alikuwa amewaambia watu wote. Sijawahi kumkemea kwa kosa hilo.

Jioni watu walianza kuingia uani, mmoja mmoja, wametoka shambani na maganda ya mahindi bado yameshika nguo zao. Mwingine alileta kuni. Mwingine alileta gorogoro ya mahindi, mwingine majani ya chai na sukari, mwingine kuku amefungwa miguu. Wanaume waliwasha moto. Kijana alitoka chumbani akauliza, "Kuna nini?" Kukhu akamwambia, "Kuna matanga. Nyanya yako amekufa. Kaa." Akaketi. Hapakuwa na mwili wala jeneza, wala kaburi. Tuliimba, tukasoma Neno, na mzee mmoja akamwomba atusimulie habari za huyo nyanya: alikuwa mama wa namna gani, alipenda nini, alimchapa kwa sababu gani. Alisimulia. Kiswahili kilimvunjikia njiani mara nyingi, nasi tulingoja.

Kisha katibu wa kanisa akatoa daftari la mchango, kama tufanyavyo matanga yote. Majina yalisomwa na kiasi cha kila mtu. Ishirini. Kumi. Hamsini, ya Kukhu. Jumla ilikuwa shilingi 1,370. Mzee wa kanisa alizishika kwa mikono miwili akampelekea.

Kijana alirudi nyuma. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba hawezi, kwamba anajua watu hawa wana nini nyumbani mwao, kwamba yeye ana akiba benki. Alikuwa akitetemeka. Na mzee, ambaye hakujua Kiingereza, alielewa vizuri kabisa. Aliniuliza mimi, hakumuuliza yeye: "Mchungaji, pesa yetu ina harufu?"

Wapenzi, mimi ndimi niliyeandika ile orodha ya mabati. Na nitawaambia ukweli wote: mchana ule nilipopata habari ya msiba, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kijana akienda zake paa letu halitakwisha. Nilikuwa na wazo hilo nikiwa nimevaa kola. Sasa nilikuwa nimesimama kati ya mzee mwenye sarafu za ishirini na kijana mwenye mikono nyuma, na sikustahili kumfundisha ye yote. Nilimwambia neno moja tu: "Pokea."

Alipokea. Alinyoosha mikono miwili kama alivyofundishwa na Kukhu, akainama kidogo. Ndipo akalia mbele ya watu, bila mto.

Hakuzitia katika sanduku la kanisa, ingawa aliniuliza kama afanye hivyo. Kukhu alimwambia kwamba chakula cha msiba hakirudishwi jikoni. Siku nyumba ya kwao ilipokuwa ikizika, alinunua kadi za simu kwa fedha zile zote, akampigia mama yake. Alizungumza akiwa amesimama pale uani, nasi baadhi yetu tuliketi karibu, akina mama wakiimba taratibu. Mama yake akamuuliza sauti zile ni za nani. Kijana hakujibu. Aliinua simu juu, akaielekeza kwa waimbaji, akaishika hivyo mpaka salio likaisha.

Alikaa nasi mpaka miaka yake miwili ikatimia, akarudi kwao. Paa la kanisa hakulijenga. Tulilimaliza wenyewe mwaka 2013, kwa magunia ya mahindi ya shukrani, na baadhi ya mabati yana kutu tayari. Kukhu amekwisha kulala katika Bwana. Siku ya mazishi yake kijana, ambaye sasa si kijana tena, alituma mchango wake kwa simu: shilingi 1,370 kamili. Katibu alilisoma jina lake kati ya majina ya wajukuu, na hakuna aliyeuliza ni nani huyo.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyeomba maji kwa mwanamke Msamaria kisimani, tunakuletea wale wanaolala leo katika nyumba zisizo zao: vijana wetu walio kazini Uarabuni, wainjilisti wetu walioko Turkana na Sudan Kusini, na wageni waliofika kwetu juma hili ambao bado hatujajua majina yao. Wape mjane wa kuwalisha. Nasi utupe unga wa kuwapa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.